Siku Ambayo Jembe Halitoki

Kwa miaka arobaini na mmoja Yesaba Salokhe amekuwa mtu wa udongo. Si mkulima, wala si mfinyanzi. Ni mtunza ulingo wa banda la mieleka la mtaa wao pale Kolhapur, banda lenye paa la vigae na mlango mfupi unaomlazimisha hata bingwa kuinama anapoingia.

Kazi yenyewe haina maneno mengi. Udongo mwekundu huletwa kwa mkokoteni kutoka ng'ambo ya mto. Yesaba huuchekecha mara tatu, mpaka isibaki hata punje ya kuchubua goti. Kisha hutia mtindi, mafuta ya ufuta, manjano, kafuri, majani ya mwarobaini yaliyosagwa, na ndimu kwa mamia. Huukanyaga. Huuonja. Watu hucheka wakisikia kwamba huuonja, lakini ndivyo. Udongo mchachu mno humwasha mtu mgongo, na usio na mafuta humkausha.

Kila alfajiri, kabla ya mieleka yenyewe, wanamieleka hushika jembe kwa zamu na kuulima ulingo wote, kona hadi kona, ulegee. Kulima huko ndiko kunakojenga mabega. Yesaba hukaa kwenye kibao chake na kutazama. Ulingo ukishalimwa, huchovya kidole kwenye manjano na kupiga mstari mmoja ukutani. Hajui kusoma. Ukuta ndio kalenda yake, na mistari imefika mpaka juu ya dirisha.

Upande wa pili wa ukuta huohuo ndiko anakoishi. Chumba kimoja, jiko, na kitanda ambacho siku hizi ni kipana kupita mahitaji yake. Mkewe, Hausabai, alikufa mwezi wa Machi, mwaka wa tatu sasa.

Vijana wa bandani humwita Aba, yaani baba. Mtaa mzima humwita Aba. Aliyeanza kumwita hivyo ni Sarjerao.

Sarjerao Magdum aliletwa na baba yake akiwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa mkata miwa, na huyo mtoto alikuwa na shingo pana na njaa isiyokwisha. "Mlishe, bwana," yule baba alisema. "Ukiona hafai, nirudishie." Hakurudishwa. Hausabai hakujaliwa kuzaa. Alimlisha mikate ya mtama, mchuzi wa mbuzi wa kutoa jasho masikioni, lozi za kusagwa, na maziwa. Sarjerao alikula kama tanuri. Akiwa na miaka ishirini na minne alimwangusha chali mtu wa Solapur mbele ya watu wasiohesabika, akapewa rungu la fedha. Alilibeba begani kwa miguu hadi bandani, akaliweka mbele ya Hausabai.

Hausabai alilitazama. "Zuri," akasema. "La kupondea nini?"

Baada ya hapo mieleka ikawa mkate wake. Alialikwa kwenye minada ya vijijini na sikukuu za mahekalu, na kila pambano lililipwa laki kadhaa. Sura yake ilibandikwa kwenye magunia ya chakula cha ng'ombe. Picha akapigwa, karatasi akaletewa, naye akatia sahihi. Hakuwa mtu wa kusoma karatasi. Kwake kutia sahihi kulikuwa kama kumpa mtu mkono.

Goti lilipoanza kumsumbua, wakaja watu wa mashati meupe. Kiongozi wao aliitwa Khot. Walikuwa wanafungua chama cha akiba na mikopo, na jina lake walikuwa wameshalichagua: Rungu la Fedha. Khot angekuwa mwenyekiti. Sarjerao angekuwa makamu wake, na picha yake, rungu begani, ingechorwa mlangoni kimo cha mtu na nusu.

Siku ya ufunguzi Khot alikuja bandani mwenyewe, akavua viatu.

"Aba, nazi ya ufunguzi huvunjwa na kila muuza duka," akasema. "Sisi tunataka udongo wako."

Pale kwao udongo wa ulingo si mchezo. Mtu akikupa udongo kwa mkono wake nawe ukaupaka kwenye paji la uso, mmekubaliana. Huwezi tena kusema tumbo linauma. Yesaba alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Lakini aliona ni heshima kwa mtoto wake, akajaza beseni, akalibeba kichwani hadi kwenye ofisi hiyo mpya. Akanyunyiza kizingitini. Akampaka Sarjerao, akampaka Khot, akampaka hata karani wa fedha, msichana mwenye miwani aliyeona kinyaa kidogo.

Barabara nzima iliona. Kesho yake kulikuwa na foleni. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Akkatai, mjane anayekamua nyati zake palepale njia panda na kuwauzia wanamieleka maziwa yangali na joto la kiwele. Aliweka hela za nyati wawili.

Wa kumi au wa kumi na moja alikuwa Hausabai. Alikuwa na akiba yake ya kuuza mtindi na samadi ya kukausha, akiba ya miaka mingi. Mumewe aliambiwa siku ya tatu.

"Zile hela nimempelekea Sarje," alisema, kana kwamba amempelekea chakula.

Chama kilidumu miaka minne. Asubuhi moja ya Desemba watu wakakuta kufuli mlangoni, na juu ya kufuli karatasi ya serikali. Khot alikuwa ameondoka. Wengine walisema yuko Dubai. Akkatai alisema yuko chini ya kitanda cha mkwewe. Januari polisi walimchukua Sarjerao nyumbani kwake. Televisheni ilionyesha amejifunika uso kwa kiganja, lakini mabega yale nani asingeyajua?

Wakati huo figo za Hausabai zilikuwa zimeshachoka. Yesaba alitaka kwenda kugonga mlango wa Sarjerao, wakati Sarjerao bado alikuwa na mlango. Mkewe akamkataza.

"Usimdai."

"Ni hela zako."

"Usimdai, nimesema. Mwambie aje ale."

Hakuja kula. Alipopata dhamana ilikuwa siku ya kumi baada ya mazishi. Alisimama nje ya mlango mfupi, hakuinama kuingia. Yesaba alimwona kupitia dirisha. Hakutoka. Wakakaa hivyo, mmoja nje mmoja ndani, mpaka nyati wa Akkatai wakapita katikati, naye Sarjerao akaondoka. Daktari alikuwa amesema hata kungekuwa na hela, ingekuwa miezi tu. Yesaba aliyashika maneno hayo ya daktari. Siku nyingine yalimsaidia.

Kesi ilichukua miaka miwili kufika pale ilipokuwa inakwenda. Ilikuwa mwezi wa Mei, joto la kuchemsha vigae, wakati wakili wa Sarjerao alipokuja bandani. Kijana wa Mumbai, Kapadia jina lake, viatu vyake vimechongoka. Alikataa kukaa chini, akakataa kibao, mwishowe akakaa juu ya gunia la manjano, suruali yake ikaharibika, naye hakuona.

"Mzee, kazi yako ni nyepesi," alisema. "Wewe huwa hapa kila siku?"

"Kila siku."

"Tangu alfajiri?"

"Tangu saa kumi."

"Na Sarjerao, alipokuwa na goti bovu, aliendelea kuja kulima?"

"Alikuja. Goti haliumi kwa kulima, huumia kwa kupindishwa."

Kapadia alifurahi. Akaeleza. Fedha za watu zilihamishwa siku moja tu, kwa karatasi moja, zikaenda kwenye kampuni ya viwanja ya shemeji yake Khot. Karatasi ina sahihi saba, na mojawapo ni ya Sarjerao. Lakini siku hiyo wajumbe walikaa ofisini asubuhi na mapema, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu, kabla ya kufungua mlango. Tarehe tisa Agosti. Kama asubuhi hiyo Sarjerao alikuwa bandani analima, basi hakuwa ofisini, na sahihi ni ya kughushi. Tayari ameapa hivyo kwa maandishi, na karatasi imeshapelekwa mahakamani. Kilichobaki ni shahidi.

"Mtu ambaye mji mzima unamwamini," alisema Kapadia. "Hakimu atakuuliza, wewe utasema: alikuwa analima. Neno moja."

"Mawili," alisema kijana mmoja aliyekuwa akijipaka mafuta kwenye kona, na wenzake wakacheka.

"Tarehe tisa Agosti," Yesaba akarudia.

"Mwaka ule chama kilipofungwa."

Yesaba hakujibu kitu. Wakili alilihesabu hilo kuwa ndiyo. Aliondoka na makalio ya manjano, na vijana wakamsindikiza kwa heshima mpaka barabarani, hakuna aliyemwambia.

Jioni Yesaba alitoka na birika lake kwenda njia panda. Akkatai alikuwa amechuchumaa chini ya nyati, pindo la sari limechomekwa kiunoni, maziwa yanalia kwenye kopo.

"Akka, wewe una kalenda ya mwaka ule?"

"Ninazo za tangu nilipoolewa. Nafungia siagi."

"Tarehe tisa Agosti ilikuwa siku gani?"

Mikono ya Akkatai ilisimama. Nyati akageuza shingo kumtazama.

"Kalenda ya nini?" alisema polepole. "Tarehe tisa ilikuwa Sikukuu ya Nyoka. Ndiyo mara ya mwisho mkeo alinigawia dindi. Alinipa nne, nikala tano. Ya tano niliiba."

Yesaba aliinua birika, akaliweka tena chini.

Pale kwao, Sikukuu ya Nyoka hakuna achimbaye wala alimaye. Jembe la shamba halitoki, na la ulingo pia halitoki, maana nyoka yumo ardhini na siku hiyo ni yake. Kisu hakishikwi, chuma cha kuchomea mikate hakiwekwi motoni. Ndiyo maana wanawake hupika dindi, vifurushi vya unga vyenye dengu na sukari guru ndani, kwa mvuke mtupu. Kwa kina wakili Kapadia, Wagujarati wa Mumbai, sikukuu hiyo huja nusu mwezi baadaye. Aliandika "analima" kama mtu anayeandika "anapumua".

"Wanataka nini kwako?" aliuliza Akkatai.

Yesaba akamweleza.

"Hm." Akkatai alikamua mara mbili tatu. "Mimi sikuambii la kusema. Nyati wangu akinipiga teke, angalau najua ametokea upande gani. Huyo bingwa wako alinipiga huku ananichekea mlangoni, kimo cha mtu na nusu. Lakini sikuambii la kusema."

"Umeshaniambia."

"Basi na nikuambie na hili. Mimi hela niliweka kwa sababu ya beseni lako."

Hakulisema kwa ubaya. Alimjazia birika, akaongeza kidogo juu, kama siku zote.

Yesaba alirudi. Alisimama mbele ya mistari yake ya manjano, akatafuta mpaka akaona. Kila mwaka, katikati ya mvua, kuna pengo la upana wa kidole. Mwaka ule pia lilikuwapo. Kisha akazunguka akaingia chumbani. Upande huu wa ukuta, usawa uleule wa pengo, kulikuwa na nyoka watano wa Hausabai. Siku hiyo wanawake huchora nyoka ukutani na kuwapa maziwa na maua. Wa Hausabai walikuwa wanene, mkono wake ulikuwa umeshaanza kutetemeka, na wa mwisho alifanana zaidi na muhogo. Tangu siku hiyo hakuna aliyewafuta. Chumba hakikupakwa chokaa mwaka wa tatu huo.

Akaikumbuka siku yenyewe. Hausabai aliketi mbele ya sufuria, akisubiri. Sarjerao hakuwahi kukosa dindi tangu alipokuwa na miaka kumi na mmoja. Mchana ukapita. Alifika magharibi, kwa gari jipya, shati jeupe, kalamu ya dhahabu mfukoni, mkononi boksi la vitamutamu vya dukani. Hausabai alimfungulia sufuria, akamwuliza, "Na hiyo kalamu umeipata wapi?" Naye akacheka, "Wamenipa leo, Mama. Baada ya kutia sahihi." Akala dindi saba.

Yesaba hakuwahi kumwambia mtu neno hilo. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Sarjerao alikuja mwenyewe siku tatu kabla ya ushahidi. Alikuja asubuhi, vijana walipokuwa wameshaoga na kuondoka. Safari hii aliinama, akaingia. Alikuwa amekonda usoni na kuongezeka tumboni, kama wanamieleka wanavyokuwa wakiacha. Alimgusa Yesaba miguu, kisha akagusa ukingo wa ulingo na kujigusa paji la uso, mkono ukienda wenyewe kwa mazoea.

"Aba."

"Kaa."

Alikaa chini, pale alipokuwa akikaa utotoni, karibu na mtungi.

"Wakili anasema umekubali."

"Wakili anasema."

"Utasema nilikuwa nalima. Basi. Hawatakuuliza zaidi."

"Siku hiyo nani alilima?"

Sarjerao aligeuka kuutazama ulingo. Yesaba aliona jambo lile likimwingia taratibu, jinsi maji yanavyoingia kwenye udongo mkavu, kwanza yanasimama juu. Alikuwa ameapa bila kusoma. Tena.

"Nyoka," alisema Sarjerao.

"Nyoka."

Njiwa aliingia kwa dirisha, akatembea ulingoni kama mtu mwenye shughuli, akatoka.

"Hakimu hatakumbuka," alisema Sarjerao. "Wakili wa serikali naye hajagundua. Miezi minne karatasi iko mbele yake. Aba, hakuna atakayejua."

"Akkatai anajua."

"Akkatai hataitwa."

"Na mimi?"

Sarjerao aliinamisha kichwa. "Mimi sikula hata rupia ya mtu. Walinipa gari, walinipa mshahara. Zile za viwanja sikuziona. Walisema weka hapa, nikaweka. Ningejuaje?"

"Kule kwenye mnada wa Shirala," alisema Yesaba, "yule mtu aliyekuja na mafuta amejipaka mgongoni, usishikike. Ulijuaje?"

"Nilimpapasa kabla ya kushikana."

"Nani alikufundisha?"

Sarjerao alikuwa akilia bila sauti, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, mabega yanapanda na kushuka. Yesaba hakumgusa. Alitaka, ila aliogopa kwamba akimgusa tu, atasema ndiyo kwa lolote.

"Watanifunga, Aba."

"Naona."

"Mama angekuwapo angesema nilikuwa nalima."

Hilo lilimkata. Yesaba alinyanyuka, akaenda kwenye mtungi, akanywa maji ambayo hakuyataka. Kisha akasema, "Mama yako angesema ulikula saba. Alihesabu."

Mahakamani kulikuwa na feni tatu, na moja tu ndiyo iliyozunguka. Akkatai alikaa nyuma na wenzake kama ishirini waliopoteza akiba, wengine na vikapu vya mboga vya kwenda kuuza baadaye. Sarjerao alikuwa upande wake, mikono magotini. Yesaba alikula kiapo. Alikuwa amevaa kofia yake nyeupe iliyopigwa pasi na jirani.

Kapadia alimwuliza jina, kazi, miaka. Kisha akaja pale.

"Asubuhi ya tarehe tisa Agosti ya mwaka huo, mshtakiwa alikuwa wapi?"

"Sijui."

Kapadia alitabasamu, kama mtu anayemsaidia mzee kupanda ngazi. "Nauliza hivi. Asubuhi hiyo, bandani kwako, mshtakiwa alikuwa anafanya nini?"

"Hakuwapo. Hakuna aliyekuwapo."

"Mheshimiwa, shahidi ana umri mkubwa, kumbukumbu zake..."

"Ilikuwa Sikukuu ya Nyoka," alisema Yesaba. "Jembe halitoki."

Mwanamke aliyekuwa akipiga chapa aliinua macho, vidole juu ya mashine, akatikisa kichwa kukubali kabla hajajizuia. Nyuma mtu mmoja akacheka puani. Hakimu, mwanamume mwenye mvi, alimwagiza karani alete kalenda ya mwaka huo. Ikaletwa. Karani akafungua Agosti, akaweka kidole. Hakimu akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mimi mwenyewe mke wangu alinikataza kukata kucha siku hiyo," alisema, si kwa mtu yeyote. Kisha akamgeukia Yesaba. "Mzee, ulimwona mshtakiwa siku hiyo saa yoyote?"

"Magharibi. Alikuja kula."

Wakili wa serikali alishasimama, miwani mkononi. "Alisema alikotoka?"

Yesaba alimtazama Sarjerao. Wakati wa mieleka kuna kitambo kidogo, mtu ameshainuliwa hewani na anajua kwamba mgongo wake utagusa chini. Wengine hurusha miguu. Wengine hulegea ili wasivunjike. Sarjerao alikuwa amelegea. Alitikisa kichwa chini mara moja, kidogo tu, na Yesaba hakujua kama ni ruhusa au ni kuaga.

"Alikuwa na kalamu mpya," alisema Yesaba. "Mke wangu akamwuliza. Akasema amepewa siku hiyo, baada ya kutia sahihi."

"Mkeo yuko wapi?"

"Amekufa."

Mashine ya chapa ililia, ikanyamaza. Kisha Yesaba akasema jambo ambalo hakuulizwa, na hakimu akamwacha.

"Nami niandikeni. Udongo wa kufungulia chama niliupeleka mimi. Niliwapaka usoni kwa mkono huu, na sikuwauliza wanakubaliana nini. Watu waliweka hela kwa sababu hiyo. Kama kuna kifungu chake, niandikeni."

"Hakuna kifungu chake, mzee," alisema hakimu. "Shuka."

Sarjerao alipewa miaka mitano. Gari likauzwa, nyumba ikauzwa, rungu la fedha nalo likapimwa na kupigwa mnada, likaonekana kuwa na fedha kwa juu tu, ndani shaba. Waliopoteza wakagawiwa kilichopatikana. Akkatai alipata nyati mmoja kasoro miguu miwili, ndivyo anavyosema mwenyewe. Yesaba aliletewa fungu la Hausabai katika bahasha. Alinunua udongo mkokoteni mzima, na ndimu.

Siku ile ya hukumu, walipokuwa wakimpeleka kwenye gari la polisi, Sarjerao aliinama mbele ya Yesaba na pingu zake, akamgusa miguu. Ndivyo aliyeshindwa anavyofanya kwa mzee wa ulingo. Askari hawakumvuta. Yesaba aliweka mkono juu ya kichwa chake, ukakaa mpaka askari mmoja akakohoa.

Agosti iliyofuata mvua ilikuja kwa wingi. Yesaba aliamka saa kumi kama kawaida, akakumbuka kwamba leo jembe halitoki, akakaa kitandani. Kisha akawasha jiko. Hakuwahi kupika dindi maishani mwake. Unga ulikuwa mwepesi mno, kisha mzito mno. Dengu ziliungua kwa chini. Nyingi zilipasuka kwenye sufuria ya mvuke, zikatoa ulimi. Alichagua sita zilizofanana na kitu, akazifunga kwenye kitambaa, akapanda basi la kwenda gerezani.

Askari wa getini alifungua kitambaa.

"Hiki nini, baba?"

"Dindi."

"Nani amepika?"

"Mimi."

"Inaonekana." Askari alifunga tena kitambaa, kwa upole. "Chakula cha nyumbani hakiingii kwa aliyehukumiwa. Ziache hapa, utazichukua ukitoka."

Walikutana kwenye wavu, kila mmoja upande wake. Sarjerao alikuwa amepungua tumbo. Gerezani wamempa bustani ya mboga, alisema, na goti halimsumbui. Yesaba alimwambia kuhusu mlango wa banda ulioshika kutu bawaba, kuhusu nyati wa Akkatai aliyezaa.

"Nimekuletea dindi," alisema Yesaba. "Wamezizuia."

Sarjerao alishika wavu. "Umepika mwenyewe?"

"Zimepasuka."

"Ulitia iliki?"

Yesaba alifikiri. "Nimesahau."

"Mama alikuwa anatia."

"Alikuwa anatia."

Mvua ilipiga bati. Kengele ya kumaliza ilikuwa karibu, watu wa pembeni walianza kusema haraka haraka.

"Aba, ulingo nani analima siku hizi?"

"Wapo vijana. Wana mikono laini." Yesaba aliinuka, akatafuta kofia yake. "Lakini leo hakuna."

"Ndiyo," alisema Sarjerao. "Nami leo nimewakatalia kulima bustani."

Nje, Yesaba alichukua kitambaa chake kwa askari. Alikaa kituoni akisubiri basi, akala dindi moja. Haikuwa na utamu wa kutosha. Akala ya pili.